Dada na Baraza Lisilokauka

Jina analo, ila sijui nani bado analitumia. Wadogo zake wanamwita Dada, majirani wanamwita Dada, muuza maziwa anayeweza kumzaa anamwita Dada, na baba yake mzazi, mzee mwenzangu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, naye alishaacha siku nyingi kumwita mwanangu. "Dada, chai." "Dada, dirisha." "Dada, hebu njoo umwone mdudu huyu." Siku moja nikamuuliza Fundi, kwani huyu ni dada yako? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kuku ana meno mangapi.

Mimi ni mtu wa kutembeatembea. Mke wangu alishatangulia, watoto wana kwao, na miguu bado inanitii, basi asubuhi nashika fimbo naenda inakoelekea. Mara nyingi inaelekea kwa Fundi, kwa sababu pale pana chai, na chai yenyewe anaipika Dada. Nalisema hili mapema nisije nikajifanya mtu wa pembeni katika habari hii.

Nyumba ya Fundi imekaa kwenye mteremko. Upande wa mbele imesimama juu ya nguzo, na kati ya mlango na ngazi za kushukia kuna baraza la mbao alilolijenga mwenyewe enzi za nguvu zake. Ukilipima kwa hatua ni nane kwa kumi na mbili. Mbao zimepangwa zikiachana kidogo, upenyo wa kupita kucha, ili maji ya mvua yashuke chini. Ukitaka kuingia nyumba ile ni hapo, na ukitaka kutoka ni hapohapo.

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Lakini mwaka ule marehemu mkewe alipotaka kabati la vyombo, Fundi alilijengea mlemle jikoni, ubao kwa ubao, kabati kubwa kama chumba cha mpangaji. Alipolimaliza ndipo akagundua kwamba halipiti mlango wowote, na ukuta pekee linapoenea ni ule wenye mlango wa nyuma. Mtu mwingine angelivunja. Fundi akalisukuma likaziba mlango, akapangusa mikono, akasema, "Mlango mmoja unatosha. Hata mwizi atajua pa kutokea." Tulicheka sana siku hiyo. Madirisha yote, bila shaka, yana nondo.

Dada alikuja nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, kumzika mama yake. Alikuwa mkata vitambaa kwenye karakana ya nguo, mji mwingine, na wanaojua wanasema mkasi ukiwa mkononi mwake hakuna kipande kilichotupwa. Alikuja na begi moja, nguo za siku nne. Siku ya tano Fundi akaugua mgongo. Mgongo ulipopoa ikaanza nyonga. Nyonga ilipotulia wakasema ni presha, aangaliwe. Mwisho begi likapandishwa juu ya lile kabati, kwa sababu pale chini lilikuwa linamkwaza kila mtu. Kulikuwa na mwanamume mmoja huko alikotoka, fundi saa, alimsubiri miaka miwili. Na mtu wa saa akikwambia muda umekwisha, ujue umekwisha.

Basi, Jumapili moja simu ya Dada ikaita. Alikuwa msimamizi wake wa zamani. Amefungua karakana yake mwenyewe, anashona sare za shule. "Nautaka mkono wako," akamwambia. "Tunaanza kukata Jumatatu ya wiki ijayo, si hii ya kesho, saa mbili asubuhi. Usipokuwepo nachukua mwingine, na usije ukanilaumu."

Dada alinisimulia haya akiwa amesimama na birika mkononi, chai imekwisha kujaa kikombe changu inamwagika kwenye kisahani, yeye hana habari.

Kwanza alimpigia mdogo wake wa mwisho. Huyu tunamwita Nakuja, maana ndivyo anavyojibu simu, na ukishajibiwa hivyo unaweza kwenda zako kulala. Lakini safari hii Nakuja alikubali. Yeye na mkewe wangehamia kwa baba, Jumapili mchana. Kisha Dada akamwendea Fundi. Nilikuwepo, nikajua sasa hapa patachimbika. Hapakuchimbika. Fundi akasema kwa upole kabisa, "Nenda, mwanangu."

Mwanangu! Niliweka kikombe chini.

"Ila usiniache na baraza lile," akaendelea. "Nakuja hajui hata brashi inashikwa upande gani. Mbao mbili zimeoza, nikikanyaga na gongo langu nitaenda chini mzimamzima. Lisafishe, litengeneze, lipake rangi. Likishakauka, nenda na baraka zangu zote."

Ombi la haki. Nani angelikataa?

Jumatatu akaanza. Akatoa viti, akafagia, akachukua kisu kikuukuu akapiga magoti, akawa anachokoa uchafu kwenye kila upenyo. Zikatoka mbegu, vifungo, na pini ya nywele ya mama yake. Pini akaitia mfukoni. Jumanne ilikuwa ya maji ya sabuni na brashi ngumu, anasugua kufuata nyuzi za mbao, ukungu unatoka wa kijani na mweusi, na maji yanayodondoka chini ya baraza yana rangi ya chai kavu. Jumatano Fundi akamkataza asiguse. "Mbao ikiwa na maji haipakwi. Iache ipumue." Dada akazunguka ndani siku nzima kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Alhamisi aling'oa zile mbao mbili mbovu, akakata mpya, akapigilia misumari, kisha akapiga msasa kutwa. Vumbi lilimkaa kwenye kope hadi akafanana na bibi yake.

Na sisi? Sisi tulikuwepo. Fundi kwenye kiti chake dirishani, mimi chini uani, kila mtu na kikombe, tunamwelekeza.

"Pale umepabakiza, Dada."

"Wapi, baba mdogo?" Hivyo ndivyo anavyoniita mimi.

"Pale, kushoto. Hapana, kushoto kwangu."

Ijumaa ikawa ya rangi. Sasa hii si rangi ya ukutani. Ni rangi ya mafuta, nyepesi, ya kahawia, inaingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu kama ngozi. Dada hakuwahi kuipaka. Ukuta alishapaka, na kwa ukuta anajua kwamba ukipaka nzito unaziba makosa. Tena alikuwa na haraka. Akajiambia, nikipaka mkono mmoja mzito badala ya miwili, kesho limekauka, kesho kutwa niko kwenye basi.

Akaanzia ngazini, akawa anarudi nyumanyuma kuelekea mlangoni, kama ilivyo desturi yake hata akideki, kwa sababu saa nne lazima awe ndani ampe baba dawa. Anamimina, anatandaza, anamimina. Baraza likang'aa kama limetiwa asali. Mimi nikasifu kwa sauti. Nilimwona Fundi pale dirishani akifungua mdomo, halafu akaufunga. Nikadhani anapiga mwayo.

Jumamosi asubuhi nilifika nikakuta kandambili moja imesimama peke yake juu ya baraza. Dada alikuwa mlangoni, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

"Shikamoo, baba mdogo. Usipande!"

"Marahaba. Kuna nini?"

"Halijakauka. Linanata. Nimekanyaga hatua mbili, kandambili ikabaki, nikarudi kwa kuruka."

Nikagusa ubao wa ukingoni kwa kidole. Kidole kikakataa kurudi. Nikakivuta kikatoa sauti kama busu la shangazi.

"Hii ni gundi," nikasema.

"Naona ni gundi, baba mdogo."

Sauti ya Fundi ikatoka ndani. "Ulipopaka, ulifuta?"

"Kufuta nini, baba?"

"Rangi ya mafuta, mbao inakunywa. Ikishashiba, robo saa hivi, kilichobaki juu unakifuta chote kwa tambara kavu. Usipokifuta kinakuwa hivyo."

Dada aligeuka akaingia ndani, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa changu, nilisikia kila neno.

"Baba, jana ulikuwa umekaa hapa."

"Nilikuwepo."

"Tangu ubao wa kwanza."

"Tangu wa kwanza."

"Uliniona sifuti."

Gongo la Fundi likagonga sakafu mara moja, kama linatafuta pa kusimama.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

"Ikiachwa hivi itakauka lini?"

"Wiki. Labda mbili, jua likiwepo."

"Na Jumatatu?"

Nilingoja kelele, maana hata mimi ningepiga kelele. Dada hakupiga. Alisimama pale, baadaye nikasikia kiti kinavutwa, akakaa karibu na baba yake. Nikaisikia saa yao ya ukutani.

"Haya," akasema. "Niambie inavyotolewa."

Nimemjua Fundi miaka arobaini. Anaweza kunyamaza, hilo nimelithibitisha. Lakini ukimuuliza swali la mbao hawezi kukudanganya, kama vile baadhi yetu tusivyoweza kumeza dawa bila maji. Alishusha pumzi, akasema, "Tapentaini. Makopo mawili, na matambara mengi. Unalowesha kidogo, unafuta kufuata nyuzi. Usisugue kama sufuria. Na matambara ukimaliza usiyaviringishe pamoja, yatandaze nje moja moja, yale yakirundikwa yanawaka yenyewe."

Kichwa cha Dada kikatokea kwenye nondo. "Baba mdogo, utaniendea dukani?"

Nikaenda. Nikiri kwamba mimi njiani huwa nasimama, nasalimia, naangalia watu wanachimba mtaro. Siku hiyo sikusimama popote, na mtu mmoja akanifuata kuuliza kama kuna msiba. Niliporudi Dada alishusha mfuko kwa kamba ya kuanikia nguo, nikatia makopo, akavuta juu. Nondo zikabana mfuko uliojaa, akatoa kopo moja moja kwa mkono. Matambara yalikuwa mashuka ya zamani na gauni lake moja alilochana mbele ya macho yetu, moja kwa moja kufuata mshono, mkono wa mkata vitambaa.

Alianzia mlangoni. Ilibidi, maana ndiko alikokuwa. Analowesha, anafuta, anasogeza magoti kwenye ubao alioumaliza, anafuta unaofuata. Fundi alikuwa kwenye kiti, amesogezwa mlangoni, anaangalia mikono ya binti yake.

"Taratibu kwenye ncha," alisema mara moja.

"Sasa unasema," akajibu Dada bila kuinua kichwa.

Ilipofika saa nane amefika ngazini. Kandambili ilishang'olewa zamani. Akasimama, akanyoosha mgongo, akashuka chini. Alisimama mchangani karibu na mimi akitazama barabara, mikono ya kahawia hadi kwenye viwiko. Nikajua anachokiwaza. Mlango wa nyumba ulikuwa nyuma yake, njia iko mbele yake, na hakuna aliyemshika. Lakini begi lilikuwa bado juu ya kabati.

"Limekuwa madoadoa," Fundi akasema kutoka juu.

Lilikuwa kweli. Baraza lilikuwa na mabaka, huku limekolea, huku limepauka, kama paka wa mtaani.

"Linataka mkono mwepesi mmoja tena. Mwepesi, na unafuta. Kesho asubuhi linakanyagika." Akageuza gongo mkononi. "Lakini kama umechoka, hata wiki ijayo."

Nilimtazama Fundi, nikamtazama Dada. Wiki ijayo! Uso wake haukubadilika.

"Sijachoka," akasema. Akapanda ngazi, akapita, akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburutwa kutoka juu, na chafya mbili za vumbi. Akatia nguo zake, akatoka na begi. Akalishusha hadi kwenye ngazi ya mwisho chini, akaliweka vizuri. Kisha akanigeukia.

"Baba mdogo, panda. Karibu ndani."

"Kuna chai?" nikauliza.

"Majani ya chai yako kwenye kopo la kijani. Baba sukari haruhusiwi kuzidi kijiko kimoja, atakwambia viwili. Dawa saa nne asubuhi na saa mbili usiku, nimekuandikia. Mkate uko mezani."

Mimi nikapanda huku nikitikisa kichwa kwa kila neno, kama mtu anayepewa habari za mtoto wa jirani. Nikavuka baraza, nikaingia, nikakaa kwenye kiti karibu na Fundi. Dada akachukua kopo la rangi na brashi, akapiga magoti. Alipiga magoti kizingitini, nje, uso umetuelekea sisi.

"Dada," Fundi akasema, "unaanzia wapi hapo?"

"Mlangoni, baba."

"Huwa unaanzia ngazini."

"Huwa."

Brashi ikapita kwenye ubao wa kwanza. Mwembamba, mwepesi, vizuri kabisa. Wa pili. Alingoja rangi inywewe, akafuta kwa tambara, akarudi nyuma, magoti yakisogea kuelekea ngazini. Fundi alishika gongo kwa mikono miwili.

"Na utaingiaje?"

"Nitalala kwa rafiki yangu msusi, pale karibu na stendi. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nakuja atafika mchana."

"Nakuja!" Fundi alilitamka jina la mwanawe kama anayetaja mvua za mwaka jana. "Nakuja akikwambia mchana, si umwulize mchana wa mwezi gani?"

"Ndiyo maana nimekuwekea baba mdogo."

"Mimi?" nikauliza.

Brashi ikapita kwenye ubao mwingine. Nikatazama nyuma, jikoni, kabati lile limesimama mbele ya mlango limejaa sahani. Nikatazama madirisha, nondo. Nikatazama mbele, na kati yangu na dunia palikuwa na mbao nne mbichi, sasa tano, sasa sita. Nyumba ambayo miaka yote nimeiona pana, ya kukaa na kunyoosha miguu, ikanisogelea kutoka kila upande. Hata hewa yake nikaiona imeshavutwa na watu wengine. Nilikuwa ndani kwa nusu saa tu.

Tulikaa, wazee wawili, tukimtazama akienda kwa kurudi nyuma. Kwa kila ubao alikuwa mdogo kidogo. Fundi alianza kusema kitu mara mbili tatu, na mara zote akakohoa badala yake. Ningemsaidia kama ningejua alichotaka kusema. Jua lilikuwa limeanza kulala upande ule Dada alipomaliza ubao wa mwisho, akafuta, akashuka ngazi ya kwanza na ya pili. Matambara akayatandaza kwenye uzio, moja moja, kama alivyoagizwa. Akanawa mikono kwa tapentaini iliyobaki, kisha kwa sabuni, akavaa kandambili zote mbili. Akashika begi.

Hapo Fundi akamwita kwa jina. Jina lake lenyewe, alilompa yeye na mkewe siku alipozaliwa. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake miaka kumi na moja.

Dada aligeuka upesi mno.

"Umeruka pale," Fundi akasema, akinyoosha gongo. "Karibu na nguzo ya ngazi."

Dada akatazama. Ilikuwa kweli, mahali padogo kama kiganja. Akaweka begi chini, akafungua kopo, akapanda ngazi mbili, akajinyoosha, akapaka. Akangoja. Muda ulikuwa mrefu, yeye ameinama na tambara mkononi, baba yake ameinamia gongo, hakuna anayeangalia pengine ila pale. Akafuta.

"Hapo je?"

"Hapo sawa," akasema Fundi.

Akaondoka. Tulisikia kandambili zake zikishuka mteremko hadi ziliposhika barabara, na Fundi aliendelea kutega sikio muda mrefu baada ya mimi kuacha kusikia kitu.

Jumapili baraza lilikuwa kavu, zuri, la rangi moja. Ningeweza kuondoka. Mchana nikapiga simu, nikajibiwa "nakuja." Jioni nikajibiwa hivyohivyo. Jumatatu asubuhi nilikuwa nahangaika na birika pale jikoni nilipomsikia Fundi akisema peke yake, "Saa mbili. Wanaanza kukata." Kisha akapaza sauti, "Na wewe, chai hii unaipikia wapi, mji wa pili?" Nilimpelekea. Alionja, akaniambia yeye huwa anatiliwa vijiko viwili.

Nakuja alifika Jumatano, yeye na mkewe, msichana mpole mwenye macho ya kuuliza. Msichana alikuwa na begi moja. Alisimama katikati ya jikoni akitafuta pa kuliweka lisimkwaze mtu, na Fundi, kwa upole kabisa, akanyoosha gongo kuelekea juu ya kabati.

Nilikuwa nimeshashika fimbo yangu. Nikapita karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Binti, hilo liache karibu na mlango."